Bahasha ya Ndani

Barua ya siri haitiwi kwenye bahasha moja, hutiwa kwenye mbili. Ya ndani hupigwa muhuri wa lakiri nyekundu, ikaandikwa SIRI kwa herufi kubwa, na chini yake jina au cheo cha mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuifungua. Ya nje haina kitu ila anwani, ili watu wa posta na wa reli waione kuwa barua kama barua nyingine. Karani anayeipokea hufungua ya nje, huandika kitabuni kwamba ya ndani imefika, kisha huipeleka mezani kwa mwenyewe bila hata kuiinua kwenye mwanga. Kazi hiyo niliiacha nikiwa kijana, au tuseme iliniacha, lakini mpaka leo wajukuu hunicheka kwa sababu nikipewa bahasha, hata ya mwaliko wa harusi, huigeuza kwanza nikaangalia mgongo wake.

Nilifanya kazi hiyo Voi, katika miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari. Ofisi yetu ya serikali ilikuwa na paa la mabati na baraza ndefu iliyotazama stesheni. Treni zilipita zikiwa na watu waliofungwa pingu, zikielekea kambini huko kwenye miiba, nasi makarani tulifundishwa kuinamia kazi zetu zilipopita. Serikali ilikuwa na hofu na kila mtu. Ilimwogopa mpishi wake na mpiga pasi wake, na zaidi ya hao ilimwogopa karani wake, kwa kuwa karani ndiye aliyejua kusoma.

Kwa hiyo nilipotakiwa kupiga taipu barua za siri, nilichunguzwa kwanza. Askari kanzu wawili walipanda mpaka kwetu Mbololo, jasho likiwatoka, wakamuuliza mama kama nimewahi kula kiapo, kama naandikiana na mtu yeyote Nairobi, kama nanywa pombe, kama nina maneno mengi. Mama aliwapa ndizi mbivu, akawauliza ni binti wa nani niliyemharibu. Hakuamini hata kidogo kwamba wanaume wazima wangepanda mlima wote ule kuuliza kama mwanawe ana maneno mengi.

Walimuuliza padre, wakamuuliza chifu. Mwishowe wakataka wadhamini wawili watie sahihi kwamba wananijua tangu utotoni na kwamba mimi ni mtu wa kuaminika. Wa kwanza alikuwa padre. Wa pili alikuwa kaka yangu.

Lazima nimweleze kaka yangu. Baba alikufa sisi tukiwa wadogo, na kaka, aliyenizidi miaka minane, ndiye aliyenilea. Alikuwa na kichwa cha masomo kuliko mimi, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mwalimu aliutundika ukutani. Herufi zake ndefu aliziachia mkia kama wa panya. Lakini nyumba moja haikuweza kutoa watoto wawili kwenda shule ya bweni, kwa hiyo aliacha yeye nikaenda mimi. Hakunikumbusha hata siku moja. Nilijikumbusha mwenyewe, kila nilipovaa viatu.

Siku ya kutia sahihi alishuka Voi akiwa amevaa koti la marehemu baba. Askari akamsomea hati kwamba nikisaliti siri za serikali, mdhamini naye ataulizwa. Kaka akashika kalamu, akanikonyeza. "Kama ni huyu," akasema, "hata mkinipa hati kumi nitatia."

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa karani mkuu, mtu mzima wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani wakafungua duka Voi zamani. Alivaa kofia ya kutarizi na alisema Kiswahili cha kwao kisichokuwa na haraka. Alinikalisha siku ya kwanza akanionyesha sanduku la chuma, funguo mbili, kitabu cha kuandikia, na debe lililotobolewa matundu nyuma ya ofisi, la kuchomea karatasi.

"Sikiza, mwanangu," aliniambia. "Umepewa ruhusa, lakini ruhusa si haja. Ruhusa yasema waweza kuaminiwa. Haja yasema kazi yako yataka ulijue neno hili. Moja bila ya pili haikufai kitu. Jalada ambalo hukutumwa kulifungua, usilifungue, japo ufunguo u mkononi mwako."

Akanifundisha kugeuza karatasi kifudifudi mtu wa chai akiingia, na kuhesabu karatasi za kaboni, kwa maana kaboni husomeka ikiinuliwa juani. Nilichoma kila kilichoharibika, kisha nikayavuruga majivu kwa kijiti. Nikafundishwa kwamba siri zina ngazi, nyingine ndogo na nyingine kubwa, na kwamba anayezitia ngazi ni mwandishi wa barua, si karani. Mwisho kabisa nikatia sahihi kwamba sitasema nililoliona, si kwa mke, si kwa mama, si kazini, wala baada ya kuacha kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Kijana ni kijana lakini. Jumamosi iliyofuata nilipanda nyumbani, na kwa kutaka kujionyesha nikachana karatasi mbili za daftari nikamwonyesha kaka namna barua ya siri inavyofungwa, ndani na nje. Sikumwambia la ndani ya barua yoyote. Nilimwonyesha tu mkunjo.

Kaka akacheka. "Kwa hiyo wewe hata hujui unabeba nini? Unaibeba tu kama punda?"

"Kama punda," nikajibu kwa fahari.

Wakati huo kaka alikuwa ameshuka kutoka mlimani kulima bondeni, karibu na mto, upande wa chini wa Mbololo. Mashamba yetu ya juu yalikuwa yamegawanywa mpaka yakawa kama vitambaa. Bondeni palikuwa na udongo mweusi, na tembo, na mbu. Alifyeka miiba peke yake msimu mzima. Akajenga kibanda cha mkewe na watoto, kisha akaanza kuchimba mfereji wa kuleta maji kutoka mtoni, hatua kwa hatua, akipima mteremko kwa maji ndani ya sufuria. Alisema mfereji ukifika, atamshusha mama akae karibu naye, na atapanda ndizi hata watu wa Taveta waje kuomba miche kwake.

Asubuhi moja Bwana mkubwa wa ofisi aliniletea barua ya kupiga taipu. Ilikuwa na ramani. Shamba la mkonge lilitaka kupanuliwa, na serikali ilikuwa imekubali kulikabidhi bonde lote, kuanzia kivuko mpaka kilima kidogo chenye mawe meupe. Waliokuwa wakilima humo wangeambiwa baada ya mavuno, si kabla, wasije wakapata muda wa kukusanyika na kuleta fujo. Mpaka hapo, ilisema barua, jambo hili libaki siri.

Nilikijua kile kilima. Kaka alikuwa akianika mahindi juu ya mawe yake.

Nilipiga ile barua nakala tatu, sikukosea hata herufi moja, na nikachoma kaboni. Karani mkuu alinitazama nikirudi kutoka kwenye debe. Nadhani aliuona uso wangu. Akanisogezea kikombe chake cha chai ya tangawizi ambacho hakuwa amekigusa.

Jumamosi nilishuka bondeni nikamkuta kaka kiunoni ndani ya mtaro. Akanirushia jembe. Nikavua shati nikachimba naye. Nilifanya hivyo Jumamosi sita. Nilichimba mfereji nikijua utanywesha mkonge wa mtu mwingine, na kila kaka aliponionyesha pa kuelekeza maji, niliitikia. Watu husema siri ni mzigo. Mimi sikuona mzigo, niliona hasira. Nilimkasirikia Bwana, nikaikasirikia ile taipureta, na mwishowe nikamkasirikia kaka mwenyewe kwa jinsi alivyokuwa akipiga mluzi. Nikawa mkali nyumbani. Mama akiniuliza habari za kazi, namjibu kwa neno moja. Kaka akasema ofisi imenivimbisha kichwa.

Ndipo mama akaugua. Ilianza kama homa, kisha akakataa kula, kisha akawa haamki. Tulimpeleka hospitali, akapewa dawa, akarudishwa, hali ikawa ileile. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, akaenda kwa mpiga ramli bila kumwambia padre. Jibu alilorudi nalo ni jibu ambalo Mdawida yeyote, yaani Mtaita wa kwetu, angeweza kulikisia: kuna mtu wa nyumba hii amefungia kitu moyoni, na ndicho kinachomla mama.

Kwetu hasira haikai kwa mwenyewe. Ukiificha, inatoka inamshika wa damu yako, tena yule asiye na kosa. Dawa yake ni kutasa. Wenye damu moja hukusanyika asubuhi, mmoja mmoja hupiga funda la pombe ya miwa, akalipuliza kama manyunyu kumwelekea mgonjwa, kisha akataja kilichokuwa moyoni mwake na kukifukuza. Kukitaja ni lazima. Hasira isiyotajwa ni kama mgeni asiyeitwa jina, hajui kwamba ni yeye anayeambiwa aondoke. Na manyunyu lazima yamfike mgonjwa kifuani. Mkubwa wa nyumba humuuliza, "Yamekufika?" naye hujibu, "Yamenifika." Ndiyo basi. Wanaosikia huwa wamesikia kama ukuta ulivyosikia. Lililosemwa pale halichukuliwi nje. Sikuwahi kuona mtu akilivunja hilo. Kwetu haikuhitaji hati wala sahihi.

Tulikuwa wanne asubuhi ile, baba mdogo na mkewe, kaka na mimi, na mama akiwa amelazwa juu ya ngozi mlangoni. Baba mdogo alitaja ugomvi wa mbuzi. Mkewe akataja neno alilowahi kumsemea mama kisimani. Kaka alitaja jambo ambalo sikulitegemea: kwamba siku nilipokwenda shule ya bweni alikwenda msituni akakata mti mzima kwa hasira, na kwamba hajawahi kumwambia mtu. Akapuliza. Mama akasema kwa sauti ya mbu, "Yamenifika."

Ikawa zamu yangu. Nilikishika kibuyu nikakumbuka hati niliyoitia sahihi, si kwa mke, si kwa mama. Nikamtazama mama. Mkono wake ulikuwa umekauka kama jani la ndizi. Kwa nini serikali haikuniuliza, kabla ya kunipa kalamu, kama kwetu mtu akinyamaza anaweza kuua? Wale askari kanzu waliuliza kila kitu isipokuwa hilo, na mimi sikuwaambia, kwa sababu sikujua kwamba kuna watu wasiolijua.

Nikapiga funda, nikapuliza, nikasema: "Hasira yangu ni juu ya bonde. Ni juu ya wale watakaolichukua, na juu yangu mimi ninayejua. Iondoke. Isimguse mama."

Ni hilo tu. Sikutaja barua wala mkonge wala mavuno. Baba mdogo akauliza, mama akajibu. Kaka alikuwa akiangalia kucha zake, ambazo bado zilikuwa na udongo mweusi.

Mama alipata nafuu siku ya nne, akaomba uji. Sema ni dawa za hospitali ukitaka, sitabishana nawe. Nilirudi Voi nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ile barua. Nilijiambia nilichosema hakikusemwa kwa watu. Kilisemwa kwa Mungu na kwa ugonjwa.

Wiki iliyofuata, katika mfuko wa posta wa asubuhi, nilikuta bahasha ya kawaida iliyoandikiwa ofisi. Nikaifungua. Ndani palikuwa na bahasha nyingine. Haikuwa na lakiri. Mwandishi hakuwa nayo, alikuwa amedondoshea nta ya mshumaa na kuigandamiza kwa kitu cha mviringo, labda kifungo cha koti. Juu palikuwa pameandikwa SIRI, na chini, kwa Bwana mkubwa mwenyewe. Herufi ndefu zilikuwa na mkia kama wa panya.

Nilitabasamu. Naapa nilitabasamu. Nilidhani kaka amelielewa lile neno la bonde, na kwamba kwa akili yake anaandika kuomba shamba mahali pengine kabla watu hawajaambiwa, bila kunitia mimi ndani. Nilifurahi kwamba alikumbuka mkunjo wangu. Ningeweza kuifungua. Nta ya mshumaa hunyanyuka kwa wembe, na karani mkuu alikuwa amekwenda kuswali. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kuaminika, hati ilisema hivyo. Nikaiandika kitabuni: imefika moja, ya siri, haijafunguliwa. Nikaibeba kwa mikono miwili mpaka mezani kwa Bwana, nikaiweka juu ya karatasi zake ili isipotee, nikarudi kitini kwangu. Kama punda.

Kabla ya saa sita niliitwa. Bwana alikuwa amesimama, na askari mmoja alikuwa mlangoni.

"Wewe nasema habari ya serikali kwa watu," Bwana akasema. "Habari ya shamba. Kweli?"

Barua ilikuwa wazi mezani, imegeuzwa kifudifudi, kama nilivyofundishwa mimi. Nyuma yake wino ulikuwa umepenya kidogo. Sikuhitaji kusoma kitu.

"Nilisema katika maombi, Bwana. Mama alikuwa mgonjwa."

"Maombi," akasema, akamtazama askari, nao wakacheka kidogo. Nilijaribu kumweleza kutasa. Nilisikia maneno yangu mwenyewe, pombe, kupuliza, hasira, mama, yakigeuka upuuzi kabla hayajafika mezani kwake. Aliniambia nishukuru Mungu sipelekwi kambini. Walichukua funguo na kile kitambulisho changu cha kuingia chumba cha sanduku, nikafutwa jina kwenye orodha mbele ya macho yangu, kwa rula na wino mwekundu.

Karani mkuu alinisindikiza mpaka mwisho wa baraza. "Aijuaye siri ya mtungi ni kata," aliniambia. Nilifikiri ananilaumu. Kisha akanishika bega. "Habari zako waliwauliza wa nje wote. Wa ndani hakuna aliyemuuliza, maana ndiye aliyekudhamini."

Siku hiyohiyo nilitembea mpaka bondeni. Kaka hakuwa amekimbia, na kwa hilo namsifu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa mfereji, jembe likiwa miguuni.

"Umeandika," nikasema.

"Nimeandika. Nilitia sahihi kwa ajili yako. Mke wa baba mdogo alikuwa pale, na wewe unajua mdomo wake hauna kifuniko. Ingetoka tu. Wangekuja kwangu waniulize mbona sikusema. Nina watoto."

"Lile lilisemwa kwenye kutasa, kaka."

"Najua lilisemwa wapi." Sasa ndipo akanitazama. "Na wewe? Jumamosi sita ulishika jembe hili ukanitazama nikichimba. Jumamosi sita! Ungeniambia ya kwanza, ningechoka bure siku moja tu. Uliniacha nicheke. Usinifundishe mimi habari ya kusaliti, mdogo wangu."

Nikaliangalia lile jembe. Lakini nilikuwa na swali. "Katika ile barua uliomba nini?"

Alichukua bonge la udongo akalivunja kwa vidole. "Sikuomba."

Mavuno yalipokwisha, watu waliambiwa, nao wakaondoka na mapipa na kuku wao bila fujo yoyote. Mkonge ulipandwa kuanzia kivuko mpaka mawe meupe. Maji yalipita kwenye mfereji ule ule. Hawakubadilisha hata kona moja. Nyapara wa shamba, mwenye fimbo na nyumba ya mabati, alikuwa kaka yangu.

Mimi sikupata tena kazi ya ofisi. Kila nilipoomba, jalada langu lilikuwa limetangulia kufika, na jalada hilo sikuwa na ruhusa ya kulisoma. Niliteremkia Taveta, nikawa mwandishi wa barua sokoni, chini ya paa la makuti, kati ya wauza ndizi na wavukaji mpaka. Watu waliniambia mambo ambayo Bwana mkubwa hangeyatia hata kwenye bahasha tatu: mimba za nani, mke gani amerudi kwao, nani amehama na kuacha deni la mahari. Niliandika, nikafunga, nikasahau. Hakuna aliyewahi kuniuliza mdhamini.

Mama alikuwa akinitumia salamu. Kaka hakunitumia, na mimi sikumtumia. Nilikuwa nikisikia habari zake kwa wasafiri wa treni ya Voi: anakohoa, amepumzishwa, nguo zinamning'inia. Niseme ukweli, mara ya kwanza niliposikia nilikula vizuri siku hiyo.

Muongo ule ulikuwa ukielekea ukingoni baba mdogo alipokuja Taveta mwenyewe, na koti lake la kanisani. Alikaa kwenye kiti cha wateja wangu. Alisema wamekwisha kwenda hospitali, na wamekwisha kwenda kwa mpiga ramli. Sikumwuliza aliambiwa nini.

"Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime," akasema. "Wakipatana, shika kikapu ukavune. Mwanangu, twende."

Nilikwenda kwa ajili ya mama. Kaka aliishi wiki tatu baada ya asubuhi ile, na nalitaja sasa ili nisilazimike kulitaja mwishoni.

Walikuwa wamemlaza mlangoni juu ya ngozi, kifua wazi, mbavu zikihesabika. Baba mdogo, mkewe na mama waliketi nyuma yangu, mimi nikapiga magoti mbele ya kaka, uso kwa uso. Aliponiona alifumba macho kisha akayafumbua. Hakuomba msamaha. Nadhani alikuwa akiona haya kuomba kitu kikubwa hivyo mbele ya mke wa baba mdogo.

Nikapewa kibuyu. Nilikuwa nimejiandaa. Ndani ya treni, kutoka Taveta mpaka Voi, nilikuwa nimeyapanga maneno yote: hasira yangu ni juu ya bahasha, juu ya nyumba ya mabati, juu ya ile siku uliyotia sahihi ukanikonyeza, iondoke. Yalikuwa maneno mazuri na ya kweli, yote isipokuwa lile la mwisho.

Nikapiga funda. Pombe ilikuwa tamu bado, haijachacha vizuri. Nikaishikilia mdomoni nikamtazama, nikaona herufi zake zenye mkia juu ya karatasi, na mikono yangu miwili ikizibeba. Nikameza. Nilimeza yote, kisha nikapuliza kwa nguvu ili walio nyuma yangu wasikie midomo ikitoa sauti, na nikayasema yale maneno yote niliyoyapanga, moja baada ya jingine, mpaka lile la mwisho.

Mama alikuwa akilia kwa furaha. Baba mdogo akajongea mbele.

"Yamekufika?" akauliza.

Kaka alinitazama kooni, kisha usoni. Akainua kiganja polepole, akajifuta kifua chake, ambacho kilikuwa kikavu kama kiganja chenyewe.

"Yamenifika," akasema.